Kadi zangu za chesi zimechomwa kama uchawi, na mume wangu amenikana

Admin, jina langu liweke kapuni, maana jambo lenyewe limeshasambaa vya kutosha bila jina. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, huu ni mwaka wa nne wa ndoa, tumepanga Magomeni. Kariakoo nina kibanda cha vifungo, zipu na nyuzi, upande wa Msimbazi. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Mume wangu ndiye aliyenifundisha chesi, ile sataranji ya farasi na malkia. Kila Jumapili mchana tulikuwa tunatandika mkeka, ananifunga mara tatu, mara nne, anacheka. "Unacheza kama unachagua nyanya sokoni, unapapasa kila kete." Nilikuwa naumia. Nikaanza kujichunguza nafungwa wapi, nikakuta ni makosa yale yale. Farasi wake anaruka mahali, anatishia mfalme wangu na malkia kwa mpigo mmoja, na mimi sijaona kitu.

Nikajibunia njia. Vifungo vya dukani huja vimeshonewa kwenye kadi, vikiisha kadi inabaki, nyuma ni nyeupe. Kila nilipofungwa nilichora pale nilipokosea: vyumba sitini na vinne, herufi nyeusi kete zangu, herufi nyekundu kete zake. Kila siku natoa kadi chache, naziweka mahali mkono wangu unapofika. Moja kwenye kopo la sukari, moja kabati la vyombo, moja kwenye debe la unga, moja chini ya mto wa mume wangu, kwa sababu kitanda natandika mimi. Sharti langu ni moja, sukari haichotwi na kitanda hakitandikwi mpaka nimeona jibu, yaani kete niliyopaswa kuisogeza. Zikiisha zote narudia zile zile, mpaka jibu linakuja kabla sijamaliza kufungua kopo. Wiki za mwanzo chai nimeinywa sana bila sukari. Miezi minane sikuruka siku, hata nikiwa na homa. Na kadi za kwanza mistari alinipigia yeye mwenyewe kwa rula yake, akinitania kwamba nimerudi darasa la tatu. Hilo mlishike.

Kadi zikafika mia na ishirini. Nikamfunga Jumapili tatu mfululizo. Ile ya tatu alikunja ubao katikati ya mchezo, akasema kichwa kinamuuma. Mpaka leo ubao uko juu ya kabati.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Buguruni kukaa kwetu wiki mbili, chumba chake kinakarabatiwa. Asubuhi moja, mimi nimeshaenda dukani, akafungua kopo la sukari. Akakuta kadi ina vyumba vyumba, herufi nyekundu kama za zafarani ya waganga, na imetobolewa sindano, yale matundu ya nyuzi za vifungo. Akapekua nyumba nzima. Akakuta na ile ya chini ya mto wa mwanawe.

Nimerudi jioni nikakuta shangazi wa mume wangu na mwalimu wa madrasa wamekaa sebuleni, mume wangu pembeni, kadi zangu zote ziko kwenye sinia langu la pilau.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Mwanangu umemlisha nini?"

"Ni chesi hiyo, mama. Muulize mwanao, anazijua."

Wote wakamgeukia. Akaangalia mkeka. "Mimi hizo sijawahi kuziona," akasema.

Jamani. Mistari ni ya rula yake.

Mwalimu wa watu hakuwa na ubaya, aligeuza kadi akasema, "Huku wameandika vifungo dazeni moja." Shangazi akadakia, "Ndiyo ujanja wenyewe huo." Mwalimu akasema maandishi yale hayajui. Shangazi akasema, "Mmesikia? Hata mwalimu hayajui." Zikabebwa uani, zikachomwa kwenye jiko langu la mkaa, wapangaji wote wamesimama milangoni.

Kesho yake nilimfuata mume wangu akiwa anapiga pasi, nikamuuliza kwa nini amenikana.

"Ningesemaje? Kwamba mke wangu amekaa anajifunza kunifunga, na ananifunga kweli? Mbele ya shangazi?"

"Kwa hiyo bora niwe mchawi?"

"Funika kombe mwanaharamu apite. Jumapili ukoo unakaa kikao Buguruni. Kiri kwamba ulikwenda kwa mganga, omba radhi, yaishe. Usipokiri, mama anataka nikuache, na mimi radhi ya mama siwezi kuikosa."

Nilimwambia ashushe ubao, tucheze mbele yao, waone zile herufi zilikuwa ni nini. Akaendelea kupiga pasi shati lile lile.

Na habari imeshafika Kariakoo. Kuna fundi cherehani, mteja wangu wa miaka, siku hizi pesa ananiwekea mezani, hataki mikono yetu igusane. Nikikiri Jumapili, jina hilo ndilo nitakalozikwa nalo. Nisipokiri, ndoa sina, na mume huyu nilimpenda, siwadanganyi. Ningempenda hata angenifunga maisha yake yote.

Kadi nimeanza kuzichora upya hapa dukani. Sihitaji kunakili popote, zote mia na ishirini ninazo kichwani, na nimeshafika ya arobaini. Zipo kwenye droo ya zipu, na zipu haitoki mpaka nimeona jibu.

Jumapili ni keshokutwa. Nikubali kuitwa mchawi ili mwanaume asijulikane amefungwa na mkewe? Au nibebe ubao mwenyewe mpaka Buguruni, niutandike katikati ya wazee wake, nimwambie akae? Nipeni la kufanya, nitasoma kila mtu. Ila wa kuniambia nifunike kombe, hilo nimeshaambiwa nyumbani.