Njia ya Kwetu Kwenye Kikombe

Nilisomea takwimu chuo kikuu, na nilichotoka nacho zaidi ni kipaji cha kuona namna jambo dogo linavyoweza kuharibika. Mtu mwingine akibandika chai huona chai. Mimi huona chai ikifurika, gesi ikiisha katikati, na mgeni akipiga hodi wakati huo huo. Mama amezoea. Akinituma sukari hunipa noti na kuniambia niende tu, nisifikirie.

Nilipohitimu nilituma maombi ya kazi kila mahali. Kila barua niliisoma upya mara nyingi kiasi kwamba nyingine zilifika nafasi ikiwa imeshachukuliwa. Ndivyo nilivyoishia kuuza vikombe. Nasema kuuza, ingawa vikombe vyenyewe sikuwa nimewahi kuvishika.

Kazi ni hivi. Ninachora kwenye kompyuta: kuku amekaa juu ya pikipiki, jua limevaa kofia ya sufu. Mchoro naupakia kwenye soko la mtandaoni ambalo wanunuzi wake wengi wako ng'ambo. Mtu wa Kanada akiupenda, analipia kikombe, na kiwanda kilicho huko huko kwao kinauchapa, kinakifunga na kumpelekea mlangoni. Mimi niko mtaani kwetu Kayole, kwenye meza ya kulia chakula, nikingoja ujumbe wa kuniambia kwamba nimeuza. Hata picha ya kwenye tangazo hutengenezwa na kompyuta: kikombe changu juu ya meza nyeupe, kando yake mmea na miwani ya mtu ambaye hayupo. Niliitazama meza ile mpaka nikaizoea kama meza ya shangazi yangu.

Kikombe kilichopendwa kuliko vyote ni kile ambacho mnunuzi huchagua maneno yake mwenyewe. Chini ya tangazo kuna kisanduku cha kuyaandika. Wauzaji wengine hukipa jina la wazi: maneno ya kuchapwa. Mimi niliona huo ni ukali, mteja asije akadhani namwamrisha. Nilibadilisha jina lile asubuhi nzima, na mwishowe nikaweka Kiingereza cha upole chenye maana ya "tuambie lolote ungependa". Wateja hawakupata shida. Waliandika majina ya paka wao.

Mama hupika chapati nje ya geti la ploti yetu ya nyumba za kupanga, na chapati hizo ndizo zilizonisomesha. Tangu nihitimu, wanunuzi wake walikuwa wakimuuliza kijana siku hizi yuko wapi. Alijibu kwamba niko kwa kompyuta. Huku kwetu jibu hilo laweza kumaanisha chochote, hata kamari, na alijua hivyo.

Yeye ni mwanachama wa chama cha akina mama wa kanisani. Hutembeleana nyumbani kwa zamu: wanaomba, wanakula, wanatoa shukrani, na wanaangalia sana vyombo vya mwenyeji bila kuonekana wanaangalia. Mwenyekiti wao huuza viazi sokoni Muthurwa. Yeye na mama wamekuwa marafiki tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na wameshindana kwa muda huo huo, kwa mapazia, kwa kuimba, kwa watoto. Binti yake yuko Doha, na habari za Doha hazijawahi kukosa kwenye shukrani.

Siku moja, baada ya Doha kushukuriwa kwa kirefu, mama naye akasimama. Akasema kijana wake anauza vikombe ng'ambo, na kwamba zamu ya nyumba yetu ikifika watanywea chai humo. Mwenyekiti alisema amefurahi sana kusikia hivyo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa tu habari, kwamba siku hizi hata Muthurwa kuna vikombe vizuri, vya kila aina, na mtu akitoa karatasi ya bei hakuna anayeweza kujua vimetoka wapi.

Mama alinisimulia hayo akikanda unga, na unga ule ulipata taabu.

"Nimesema mbele za watu," aliniambia. "Sasa mimi nikae vipi na wale wamama? Viwe vyako, na vionekane ni vyako."

Kwa hivyo nikawa mteja wa duka langu mwenyewe. Nilichagua kikombe cha maneno, chenye ua la bluu pembeni, kwa sababu cheupe kitupu kingefanana na vya Muthurwa. Niliagiza vya kumtosha kila mama na kimoja cha akiba, kwa kuwa nilikuwa na hakika kingevunjika. Maneno ya kuchapwa niliyaahirisha. Nilitaka kwanza nimalize jambo gumu, yaani anwani.

Wateja wangu wa ng'ambo wana anwani zinazoenea kwenye mstari mmoja: namba, barabara, mji. Yetu si anwani, ni maelezo. Nilianza kuelekeza kama ninavyomwelekeza mtu kwa simu, na mstari wa fomu, wenye nafasi ya herufi chache, ukakata pumzi nilipofika "ingia karibu na b". Bucha halikuingia. Nilijaribu kufupisha, lakini kila nilipopunguza neno nilimwona mtu wa mizigo akipotelea mtaa wa Mathare na vikombe vyetu. Basi niliposhuka chini ya ukurasa na kukuta kisanduku kipana, kisicho na kikomo, kinachoniambia kwa upole niseme lolote ningependa, nilishukuru. Niliandika njia yote. Niliisoma tena, nikarekebisha nukta na mikato, nikaongeza habari za mbwa, nikaisoma tena na kulipia. Nilikuwa nimeridhika sana na jinsi nilivyokuwa mwangalifu, hata sikukumbuka kwamba maneno ya kuchapwa sikuwahi kuyachagua.

Mzigo ulichukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo nilipoteza hamu ya chapati, jambo ambalo kwetu si la kawaida. Juma lenyewe la zamu yetu ya kuwapokea akina mama, simu ililia. Ni kijana wa pikipiki wa kampuni ya mizigo. Alinisalimu niaje, akasema ana boksi yangu, yuko kwa steji ya matatu, sasa aende wapi? Nilimwelekeza: si steji hiyo, ile ya pili, ingia karibu na bucha, pita kinyozi. Alipofika nilimuuliza kama hakuona maelezo niliyoandika. Akageuza boksi huku na huku. Palikuwa na jina langu, namba ya simu, na mstari ulioishia kwa herufi b.

"Hakuna maelezo hapa, boss," alisema. "Wewe uliyaandika wapi?"

Swali lile nililibeba hadi ndani pamoja na boksi. Nilitaka kufungua mara moja, lakini mama akanishika mkono. Gundi ilikuwa nzima, stampu za ng'ambo zilikuwa juu, na hapo mama aliona ushahidi wake. Boksi lingefunguliwa mbele ya chama, na mwenyekiti mwenyewe ndiye angeshika kisu. Nilimwambia kwamba huenda vimevunjika. Akasema wataona vimevunjikia ng'ambo. Akalipandisha juu ya kabati ya vyombo, akalifunika kwa kitambaa cha kufuma, na kila alipotoka nilipanda kiti nikalitikisa polepole na kusikiliza.

Jumamosi yao ilifika. Walijaa kwenye makochi, viti vya jirani na kitanda changu kilichogeuzwa kochi kwa shuka. Waliimba, wakaomba, wakala pilau na chapati. Mimi nilipewa kazi ya kumimina chai, na akina mama wakapata nafasi ya kuniuliza nitaoa lini, kwa kuwa nashika chupa ya chai vizuri. Kisha mama akashusha boksi, akaliweka miguuni kwa mwenyekiti na kumpa kisu cha nyanya.

Mwenyekiti alikagua stampu zote. Alikata gundi, akaondoa karatasi, akatoa kikombe kizima, chenye ua la bluu. Nilianza kupumua. Akakigeuza. Upande wa pili kulikuwa na maandishi mengi sana. Alivaa miwani na kuanza kuyasoma kwa ile sauti yake ya kusomea neno kanisani.

"Shuka steji ya pili, usishuke ya kwanza. Ingia karibu na bucha. Pita kinyozi, pita kanisa la mabati." Akavuta pumzi, akazungusha kikombe. "Geti la bluu lenye kutu. Usiogope mbwa, hang'ati. Ghorofa ya pili, mlango wenye pazia la maua. Ukipotea, uliza mama wa chapati. Ndiye mama yangu."

Mama mmoja alitoa kikombe kingine kutoka kwenye boksi, akakuta steji ya pili. Mwingine pia. Nilisimama na chupa ya chai, nikaelewa yote kwa wakati mmoja: kisanduku changu cha upole, swali la kijana wa pikipiki, na mashine ya kule mbali ikichapa habari za mbwa wetu bila kuuliza, kikombe baada ya kikombe. Nikamtazama mama. Yeye aliyekuwa ametembea mwezi mzima akiwa ameshikilia neno moja alilolisema mbele za watu, sasa alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, na mimi nilikuwa nimemwandikia kutu ya geti lake kwenye vyombo vya wageni. Nilianza kupanga jinsi ya kuomba msamaha. Nilikuwa nimefika sentensi ya tatu nilipoona mwenyekiti amevua miwani.

Aliangalia mlango. Pazia la maua lilikuwa pale. Akamwangalia mama. Akarudi kwenye kikombe.

"Hiki," alisema, "hakikutoka Muthurwa."

Kicheko kilianzia kwa mama mmoja aliyekaa kitandani kwangu na kuzunguka chumba chote. Walicheka hadi wakapanguza macho kwa leso. Walisomeana vikombe, ingawa vyote vilisema jambo moja. Mmoja alitaka kujua kama mimi ndiye niliyemwandika mbwa au mbwa alijiandika mwenyewe. Mama alingoja watulie. Akachukua kikombe chake, akakisoma mwanzo hadi mwisho, na alipofika mwisho alikaa nacho kidogo. Kisha akaninyooshea nimjazie chai.

"Niliwaambia ni vya kijana wangu," alisema. Halafu, kwangu, bila kushusha sauti: "Lakini kutu umeiandikia nini? Ungesema geti la bluu inatosha."

Nilijibu kwamba mtaa wetu una mageti mengi ya bluu. Wote wakakubali kwamba hilo ni kweli, na mjadala ukahamia kwenye mageti.

Walikunywa chai chupa ikaisha, nikapika nyingine. Wakati wa kuondoka hakuna aliyerudisha kikombe, kila mmoja alikitia mkobani kana kwamba ndivyo tulivyopanga, na mama hakuwazuia. Mwenyekiti alibaki nyuma. Aliniita kando ya kabati, akaniuliza kama mashine ile inaweza kuandika njia ya kwa mtu mwingine. Binti yake amekaa Doha miaka mingi, alisema, na kila akipiga simu huuliza kama mahali fulani bado papo. Alitaka kumpelekea njia ya nyumbani, akinywa chai aisome.

Nilitoa simu niandike. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kazi hii si ya mtu mmoja. Mwenyekiti alisema upitie kwa fundi wa viatu. Mama, akikusanya sahani, alisema fundi alihama, upitie posho mili, pale pa kusagia unga. Mwenyekiti akasema binti yake anamjua fundi, hajui posho mili. Walibishana kuhusu njia ile kwa furaha kubwa, na mwishowe tukamwacha fundi pale alipokuwa zamani. Niliwasomea yote. Niliwasomea tena. Mama akaniambia nitume tu, nisifikirie, na nikatuma.

Siku hizi kikombe cha njia ya nyumbani kina tangazo lake dukani kwangu. Kisanduku chake nimekiandika wazi, maneno ya kuchapwa, na hakuna mteja aliyelalamika kwamba namwamrisha. Wanunuzi ni watoto wa huku walio mbali. Kwenye njia zao wananiletea mabomba ya maji, mashine za kusaga, miti, vibanda, makanisa, na mimi navichapa bila kwenda kuhakikisha, ingawa mwanzoni nilitaka kwenda.

Kikombe cha Doha kilifika salama. Najua kwa sababu jioni moja mwenyekiti alipita kwetu kutoka sokoni, amekasirika kidogo, simu mkononi. Binti yake amekisoma, amelia, amecheka, kisha amempigia mama yake kumwambia wamesahau kibanda cha maji, na bila kibanda cha maji mtu atapita kona na kwenda kutokea kwa watu wengine. Mwenyekiti alitaka nikirekebishe. Nilimweleza kwamba kilichochapwa hakifutiki. Alifikiri, akanunua chapati ya moto kwa mama, akaikunja.

"Basi chapa kingine," alisema. "Na hicho cha kwanza akae nacho tu."

Mteja mwingine wa chapati, mgeni mtaani, aliuliza huyu kijana anachapa nini. Nilifungua mdomo, nikaanza kutafuta namna bora ya kueleza, soko, kiwanda, ng'ambo. Mama aligeuza chapati.

"Anauza vikombe," alimjibu, na akamuuliza anataka ngapi.