Tuliopima Presha Somanga

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Utafiti alinikabidhi mashine ya presha, akaniambia, "Kumbuka, sisi tunapima. Kutibu si kazi yetu." Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu. Nikaitika.

Tulichunguza kwa nini magonjwa sugu, yale ambayo mtu huishi nayo mpaka kufa, kama presha na kisukari, yanawaumiza zaidi walio mbali na huduma. Tulianzia Somanga, kijiji cha pwani kando ya barabara kuu. Unamfunga mtu mkanda mkononi, unasoma namba mbili: ya juu, moyo unaposukuma damu, ya chini, unapotulia. Namba za Bi Somoe, muuza samaki wa kukaanga pale barabarani, zilinitisha.

"Mama, presha yako imepanda sana. Nenda hospitali ya wilaya ukapewe dawa."

"Na zikiisha?"

"Utarudi tena."

Akacheka. "Mwanangu, nikienda huko kila mara, samaki atauza nani? Nyie mna gari. Mbona dawa hamkuzipakia?"

Nilimfikishia Mkuu swali hilo. Akakunja uso. "Ukigawa dawa utaharibu matokeo."

Mwaka uliofuata tulirudi kupima tena. Bi Somoe alikuwa kitandani. Kiharusi kimemlaza, upande mmoja haufanyi kazi. Binti yake akauinua ule mkono uliobaki mzima, nipime. Nikapima. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonivunja uso.

Baadaye nilipelekwa Lindi mjini, kufundisha katika chuo cha wauguzi. Nikawakataza wanafunzi kwenda kijijini na mashine bila dawa na tabibu wa kuziandika. Mkuu wa Chuo alinung'unika: "Mwalimu, hili ni somo au zahanati?"

"Vyote viwili, mzee."

Sasa nimestaafu, na kisukari kimenipata mwenyewe. Juzi nilienda kliniki, nikakuta foleni imefika nje. Muuguzi mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, akaniona.

"Shikamoo, mwalimu! Pita ndani, usikae juani."

"Marahaba. Nitasubiri zamu yangu."

Mzee mmoja, mkulima wa korosho aliyedamka kijijini kwake Kiranjeranje, mbali na hapo, ili kuwahi foleni, alivuta miguu yake kunipisha.

"Nenda tu, mama," akasema kwa upole. "Sisi tumeshazoea."

Maisha yangu yote nimefundisha habari za watu kama yeye. Nikakaa kando yake, nisiweze kumtazama usoni.