Gauni la Kuazima la Wachuka

Saa tatu asubuhi, kijijini Chaka, Kieni. Muuguzi Magdaline Watiri ametundika mizani kwenye boriti ya kanisa, tayari kupima watoto. Watoto wanaingia na mama zao. Wote wamepakwa mafuta, wanang'aa, wamevaa nguo za Krismasi.

"Ngai! Nani aliwaambia muwavalishe hivi?"

"Si ulisema ni picha?" anashangaa Kagure, akimpangusa pua bintiye Wachuka, wa miaka mitatu. "Mtu hapigwi picha na matambara, Sista. Hii gauni nimeazima kwa wifi yangu."

Mwaka huu wa 1984 mvua imeitupa Kieni. Magdaline ameandika barua nne akiomba mahindi ya familia mia mbili na kumi. Leo, hatimaye, shirika moja la misaada limemtuma afisa kutoka Nairobi, Moffat Kobia, pamoja na kamera yake. Ana saa moja tu, kisha aende Nanyuki.

Kobia anawatazama watoto na kuguna. "Hawa ndio wenye njaa? Wafadhili wakiona hivi, lori litaenda kwingine. Huyo mdogo mtoeni gauni, nimpige kifua wazi."

Kagure anaanza kufungua vifungo.

"Wacha, Mama Wachuka," anasema Magdaline. "Hapa hakuna mtoto anavuliwa."

"Sista, unataka chakula ama hutaki?"

Kobia si mtu mbaya. Ameona vijiji vikipewa na vingine vikinyimwa, kwa picha tu. Magdaline naye ana yake moyoni. Katika njaa ya 1961, akiwa na miaka tisa, alipigwa picha tumbo wazi. Miaka mitatu baadaye aliikuta ukutani shuleni, kwenye bango la kuomba misaada.

"Darasa yote ilinijua," anasema. "Na hakuna mtu alikuwa ameniuliza."

Anamtia Wachuka kwenye mizani, na gauni lake. Kilo nane na nusu. Anafungua daftari na kumwekea Kobia chini ya pua: mwezi wa tatu mwaka huu, kilo kumi na moja.

"Soma mwenyewe. Sasa twende uone ghala."

Kwa Kagure ni ng'ambo ya barabara tu. Ghalani mna jembe na gunia tupu lililokunjwa vizuri.

"Na mbegu?" anauliza Kobia.

"Tulikula wiki jana," anajibu Kagure, macho chini.

Mkulima akila mbegu, hana la kupanda hata mvua ikija. Kobia anatoa kamera. Safari hii anamwuliza Kagure kwanza, naye anakubali kwa kichwa. Picha ni moja: mama mlangoni pa ghala tupu, mtoto kiunoni, gauni limefungwa vifungo vyote.

"Jibu ni Ijumaa," anasema Kobia, na Landrova inaondoka.

Kagure anamgeukia muuguzi. "Na wakikataa?"

"Nitawafuata. Lakini Wachuka akikua aone hiyo picha, hatafunika uso."

"Kwanza akue, Sista."

Magdaline analifunga daftari kwa leso. "Uko na haki, Mama Wachuka. Ijumaa ikipita bila lori, Jumatatu niko kwa mlango yao kabla wafungue. Na sitoki hapo mpaka wasome majina yote ya hii daftari, familia mia mbili na kumi. Ya kwanza ni Wachuka."