Siku Gunnvor Alipovua Vanishi Mlango Umefungwa

Pwani nzima ya kusini ya Norwe hakuna anayepaka vanishi kama Gunnvor, na anayebisha hajaiona mashua yake: unajitazama ubavuni ukanyoa ndevu. Siri yake ni kufunga mlango wa banda la mashua. Mwezi wa tano miti humwaga chavua ya njano, na punje moja tu ikitua kwenye vanishi mbichi, kazi imekwisha.

Mwaka wa pili tangu afiwe na mumewe, Torleif, aliamua kuivua mashua vanishi yote ya zamani. Akafunga mlango kwa mazoea, akapaka dawa ya kuondolea, akasubiri vanishi ijikunje, akakwangua taratibu kufuata mishipa ya mbao. Lakini kuvua si kupaka. Dawa ile ina mvuke mtamu, mzito, unaolala chini kama paka.

Mbao zikaanza kutembea kama maji ya rangi ya asali. Miguu yake ikawa mbali, kama ya jirani. Na pale kwenye usukani, kofia kisogoni, Torleif.

"Njoo, kahawa inapoa."

Gunnvor akaketi sakafuni, akitabasamu. Kwa nini asiende?

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Ni Eyvind, jirani, kaja kuazima msumeno. Akamshika makwapani, akamburuta hadi majanini.

"We mwanamke, umelewa saa nne asubuhi?"

"Funga mlango! Chavua inaingia!"

"Chavua ichafue nini? Unavua, hupaki! Ulitaka nikukwangue wewe sakafuni?"

Gunnvor akatapika, akajifuta. Kisha akasema polepole, "Nilikuwa na Torleif. Niache nirudi kidogo tu."

Eyvind, bingwa wa kejeli, akakaa mbele ya mlango, akauziba kwa mgongo wake.

"Alikuambia nini?"

"Nikanywe kahawa, inapoa."

"Torleif? Huyo tangu azaliwe hajawahi kuchemsha hata maji!"

Gunnvor akamkodolea macho. Kicheko kikampasuka, kikageuka kikohozi, kikageuka kilio. Eyvind akampigia daktari simu bila kumuuliza.

Juma lililofuata mashua ilitolewa nje kwenye upepo. Gunnvor akavaa glavu na barakoa, akakwangua. Chavua ikamwangukia nyweleni. Kila alipotua alitega sikio, huenda Torleif akamwita tena, akasikia tu kengele za kondoo kule kilimani, na Eyvind akilalamika kwamba msumeno aliopewa ni butu.