Brashi Isiyotoa Nywele

Baba hakuwahi kuiona sebule ambayo mama aliipaka rangi kwa ajili yake.

Nimeikumbuka leo katika duka moja la hadiwea hapa Kitale, harufu ya tapentaini iliponipiga puani nikichagua brashi ya rangi. Bila kufikiri, niliikunja brashi kiganjani, kisha nikazivuta nywele zake.

Ndivyo alivyofanya mama kule Bungoma, Krismasi ikikaribia na kila boma likipaka kuta upya. Baba, aliyefanya kazi Kitale, alikuwa ametuma ujumbe kwamba safari hii angekuja. Mama alivuta brashi moja baada ya nyingine, nywele zikamwagika juu ya kaunta.

"Mama, ati unanunua ama unaninyolea brashi?" mwenye duka akamuuliza.

"Hizi nywele zitabaki kwa ukuta. Mzee wangu ataziona hata kabla anisalimie."

"Basi chukua hii. Hii hata ukivuta na meno haitoki."

Mama akaivuta kwa meno kweli. Akacheka, akainunua.

Alipaka peke yake, taratibu, rangi ya krimu, na hakuna hata unywele mmoja uliobaki ukutani. Krismasi ikapita. Baba hakuja, wala hakutuma neno.

Mvua zilipoanza, jirani aliyetoka Kitale alisema amemwona baba mtaa wa Tuwan, mzima wa afya, amebeba mtoto. Mama alimuuliza jambo moja tu: huyo mtoto ni wa umri gani.

Jirani alisema hakumwangalia vizuri.