Kilichokuwemo Kabatini

Enzi zetu mtu akikwambia sinema imejaza watu, ushahidi alikuwa nao: amewaona kwa macho yake wamesongamana mlangoni, na wengine wamerudi makwao wamenuna. Siku hizi mjukuu wangu Hawra ananitilia simu usoni. "Bibi, hii imetazamwa na watu milioni!" Milioni! Nani kawahesabu? Wamekaa wapi? Miye nauliza tu, naye ananitazama kama nimemtukania mwalimu wake. Watoto wa leo wakiambiwa milioni wanaitikia hewala, basi, yamekwisha.

Nyinyi wenzangu tuliokua pamoja Matrah, huku Omani, mnanijua. Miye tokea udogoni ni mtu wa kushuku. Muuza samaki akiniapia kuwa samaki wake wa leo, nilikuwa namfunua mashavu yule samaki mbele ya watu, na mama anaona haya. Mwalimu akisema mtihani utakuwa mwepesi, ndiyo kwanza naanza kuogopa. Na mtu wa mwanzo niliyemchunguza khasa khasa alikuwa bibi yangu mwenyewe, Bibi Zuwena, mama yake baba. Nataka kulisema hili ningali hai.

Tulikuwa tumekuja kutoka Unguja, tumejaa nyumba moja nyuma ya suki, ndiyo soko, ami huku, shangazi kule, watoto hata hesabu ilikuwa inapotea. Ijumaa wanaume wakirudi msikitini tunakula wali kwa mchuzi wa papa, na pilipili mpaka pua zinavuja. Kisha wakubwa wanalala. Joto la Matrah mnalikumbuka, ile milima ikishaiva jua, na sisi tukirovya mashuka maji ndiyo tujifunike. Nage hakuna, mdako hakuna, tusije tukawaamsha watu. Basi tulikuwa tunanyemelea mmoja mmoja mpaka chumbani kwa Bibi, chumba kinanukia udi na mafuta ya karafuu, naye anatuhadithia sinema.

Sinema moja tu. Ile ile, kila Ijumaa.

Ilikuwa ya zama zile picha hazijaanza kusema, miaka ya mwisho mwisho kabla sauti haijaja, Bibi mwenyewe msichana mdogo mjini Unguja. Watu ndani ya picha wanafunua midomo lakini hautoki mlio. Kwa hivyo pembeni ya kile kitambaa alikuwa anasimama mtu na fimbo yake, wakimwita msemaji, na kazi yake ni kuwasemea wote kwa Kiswahili: mwanamume, mwanamke, polisi, mpaka mbwa. Bibi alikuwa akimuigiza yule msemaji, sauti inapanda na kushuka, na sisi tunaziba midomo kwa mikono tusicheke kwa nguvu.

Hadithi yenyewe hii. Hamali mmoja, mfupi, mnene, kapewa kabati alichukue mgongoni, alipeleke nyumba iliyo juu kilimani. Kaambiwa: ole wako ulifungue! Njiani kabati linagonga kwa ndani. Ngo, ngo, ngo. Hamali anaweka mbio. Mabata bukini wanamfukuza, polisi wanamfukuza, wapiga tarumbeta wanamfuata, mwisho mji mzima uko nyuma yake. Bibi anajifunga mto mgongoni, anazunguka chumba na miguu yake ile mibovu, anagonga sanduku lake la nguo. Akifika kilimani hamali hastahamili tena. Anatua mzigo. Anatia mkono mlangoni.

Na watu waliokwenda kuitazama, jamani! Hapo Bibi alikuwa anachangamka kuliko kwenye sinema yenyewe. Alikuwa anakwambia namna watu wa shamba walivyokuja na punda. Namna yule bawabu mwenye chunjua kidevuni alivyokuwa anasukuma watu kwa tumbo. Siku ya wanawake mabuibui yalijaza njia nzima, na muuza njugu alikuwa anamaliza njugu kabla mlango haujafunguliwa. Picha nyengine zilikuja kwa meli zikabaki masandukuni, kwa sababu mwenye jumba alipotaka kubadilisha watu walitaka kumpiga. Wiki juu ya wiki, hamali na kabati lake. Hakuna sinema iliyofanya biashara kama ile, akisema Bibi.

Wenzangu waliamini. Miye nikaanza kuandika kwenye daftari la hesabu, nalificha chini ya godoro.

Kwanza, kinachotoka kabatini. Ijumaa moja alitoka bibi harusi aliyetoroka ndoa. Ijumaa ya pili alitoka mbuzi. Mara nyengine alitoka mama yake hamali. Haya, ni sinema gani inayobadilika kila wiki? Pili, nilimuuliza yule bibi harusi alivaa nguo rangi gani. "Kijani," akasema, wala hakupepesa jicho. Na baba alikuwa keshatwambia kuwa picha za zamani zilikuwa nyeusi na nyeupe, mwisho. Tatu, na hili ndilo lililoninyima usingizi: Bibi alijua chunjua ya bawabu iko upande gani wa kidevu, lakini hamali mwenyewe leo ana masharubu, kesho hana.

Nilikuwa na miaka kumi. Nilijiona kadhi.

Kisha zikaja khabari kwamba Bi Salama, shoga yake Bibi wa utotoni, amefika kutoka Unguja, yuko kwa mwanawe huko Bustan, si mbali na kwetu, na atakuja kututazama. Wiki nzima Bibi hakukaa kitako. Alipika mkate wa kumimina kwa mkono wake, akaagizia halwa, akafukiza nyumba mara mbili. Na siku yenyewe, sisi watoto akatwambia, "Leo ruhusa, nendeni mkacheze nage mpaka mchoke." Nage, na wageni wamo ndani! Hapo ndipo nilipozidi kushuku. Nikajibanza nyuma ya mlango na daftari langu.

Walikumbatiana, wakalia, wakacheka. Kahawa ikamiminwa. Mama yangu na mashangazi walikuwa wamekaa. Nikamsikia Bibi anateremsha sauti: "Salama, nna neno langu nataka nikuulize, la zamani. Unaikumbuka ile sinema ya kabati?"

Nikaingia. Sijui nini kilinituma, lakini niliingia. "Bi Salama," nikasema, "Bibi alikuwa anakaa wapi mle sinema, chini au juu?"

Bi Salama akacheka mpaka kikombe kikamtikisika. "Nani, Zuwena? Weye mtoto! Zuwena hakuingia hata siku moja. Alikuwa keshatiwa ndani, si unajua kwao walivyokuwa wakali, msichana akishakua hatoki, hata siku ya wanawake. Nyumba yao ubavuni mwa jumba la sinema. Sisi tukipanga foleni mlangoni, yeye yuko dirishani juu, tunampungia mkono."

Nikafungua daftari langu mbele ya kaumu. "Nilijua," nikasema. "Bibi muongo."

Mama alinifinya paja, na ule mfinyo nausikia mpaka leo. Bibi hakunigombeza. Angalinigombeza ingalikuwa nafuu. Aliinua sinia, na kahawa bado imo vikombeni, akatoka nalo. Aliporudi Bi Salama akamuuliza, "Enhe, neno gani ulitaka kuniuliza?" Bibi akasema, "Limenitoka." Wakazungumza bei ya nguo.

Ijumaa iliyofuata tulinyemelea kama kawaida. Tukamkuta amelala, ameelekea ukutani. "Nendeni mkamuulize mkaguzi," akasema. Mkaguzi ndiyo miye. Binamu zangu hawakunisemesha kwa siku nyingi, na wana haki. Sinema ile haikuhadithiwa tena nyumbani kwetu, na Bi Salama alirudi Unguja, akafa kabla hawajaonana tena.

Niliolewa, nikazaa, na haya nimeyabeba kifuani. Bibi alipokuwa mgonjwa, hatoki tena kitandani, nilikwenda nikamkanda miguu. Mchana mmoja nikamwambia, "Bibi, nisamehe. Ile siku ya Bi Salama."

Aliuvuta mguu wake, nikadhani hataki. Kisha akaanza mwenyewe. Jumba la sinema, akasema, lilikuwa linazibwa madirisha kwa vitambaa vyeusi ili mwanga usiingie, na kitambaa hakizuii sauti. Msemaji alikuwa anapiga kelele ili watu wa nyuma wamsikie, na Bibi juu, ukuta na ukuta, anasikia kila neno. Picha nyengine zilikuwa zinakaa siku mbili tatu zinaondoka, hawahi kushika kitu. Lakini ile ya kabati ilivyopendwa na watu, ilikaa mpaka akaijua yote kwa moyo. Sauti yake ilikuwa imerudi kidogo. Aligonga ubao wa kitanda. Ngo, ngo, ngo.

"Na mwisho wake, Bibi?"

"Mwisho watu walikuwa wakipiga kelele, mwanangu. Hamali akitia mkono tu mlangoni, jumba zima wanapasuka kwa makelele. Kila siku! Msemaji anasema, lakini nani atamsikia? Mpaka leo sijui kilitoka nini."

"Si ungemuuliza mtu nyumbani?"

"Wangejua kama nasikiliza. Wangelifunga dirisha."

Nikawa sina budi kuuliza. "Na Bi Salama?"

Alinitazama tu, bila hasira, kisha akafumba macho. Maskini, karibu miaka khamsini alikuwa na swali moja, na mwenye jawabu alikuwa amekaa mbele yake anakunywa kahawa, na aliyemzuia ni miye na daftari langu la hesabu. Nililia kwa kwikwi nimeishika miguu yake, na yeye akaniambia nipunguze mafuta yasije yakaharibu shuka. Hakuishi hata mwezi.

Sasa naishi Qurum, mtaa wa kisasa, kwa mwanangu, nyumba kubwa, baridi ya mashine mchana kutwa, na kwenda dukani tu mpaka uingie gari. Ijumaa watu tunakula, kila mmoja anaingia chumbani kwake na simu yake. Hakuna anayemnyemelea mtu. Nilimhadithia Hawra haya yote, ana miaka kumi na mbili, naye badala ya kulia akauliza sinema iliitwaje ili aitafute. Nikamwambia Bibi akiiita sinema ya kabati, jina jengine silijui. "Una hakika ilikuwepo?" akaniuliza. "Labda msemaji aliitunga." Damu yangu ile!

Alitafuta miezi. Akanambia picha nyingi za zama zile zimeoza, nyengine zimeungua, watu waliozipigania mlangoni wamekufa na zenyewe zimekufa. Nikasema khalas. Ijumaa iliyopita, tumetoka kula, akaja mbio. "Bibi, nimeipata!"

Sikuamini. Wanaume wanene duniani wengi. Mwanzo wake umekatika, jina halipo, pembeni imeliwa. Lakini akaiweka kwenye televisheni kubwa, na wallahi alikuwa mtu mfupi mnene, na kabati mgongoni. Kimya kabisa. Ana masharubu.

"Mbona hawasemi?" akauliza mdogo wake Hawra. Basi nikasema miye. Hamali, polisi, mabata, kwa sauti ya Bibi, na Bibi kaitoa kwa msemaji. Yalikuwa yanakaa mahali pake, jamani! Midomo inafunuka na maneno ya Bibi yanaingia. Mwanangu alitoka chumbani kwake akasimama mlangoni. Mkewe akaja. Kidole cha Hawra kilikuwa juu ya kile kidude cha televisheni, maana watoto wa leo hawana subira, wanataka mwisho kabla ya mwanzo, nami nikampiga kofi la mkono.

Hamali akafika kilimani. Akatua mzigo. Akatia mkono mlangoni.

Miaka yote hii nilidhani nikifika hapo ntatazama kwa ajili yake. Niliogopa. Nani kanipa haki ya kujua kitu ambacho nilimnyima mwenyewe? Nikafumba macho. Nikawasikia wote kwa pamoja wamepiga kelele, Hawra, mdogo wake, mpaka mwanangu mtu mzima, kelele za kuziba masikio, na miye niko gizani. Niliwasikiliza mpaka wakanyamaza.

Nilipofumbua, televisheni ilikuwa nyeusi. Hawra ananitazama.

"Umeona, Bibi?"

"Nimeona."

Hakuondoa macho. Jicho lile nalijua, nimempa mwenyewe. "Haya," akasema, "kimetoka nini?"

"Bibi harusi," nikamwambia, wala sikupepesa. "Na nguo yake ya kijani."