Kanzu ya Korongo

Kijijini kwao, mgeni akifika huvua nguo zake za safari, akavaa kanzu ya nyumba aliyofikia, akashuka nayo kuoga kwenye chemchemi ya maji moto kando ya mto. Ukiiona kanzu umeshajua ni mgeni wa nani. Kanzu za nyumba ya wageni ya Fusae zilikuwa nyeupe zenye mistari ya kijivu. Za Sadayo, jirani wa upande wa pili wa barabara, zilikuwa za buluu zenye picha za ndege korongo.

Alasiri moja ya Oktoba, Fusae aliona kanzu ya korongo ikipita mlangoni pake, na ndani yake mgongo anaoujua: mwalimu mstaafu Kuramochi, mgeni wake wa kila msimu wa majani mekundu kwa miaka kumi na tisa.

Kisu kikamponyoka, kikaangukia figili.

"Si Mwalimu yule?" mumewe aliuliza.

"Macho unayo."

"Labda kapotea njia."

"Kapotea njia, akavuliwa nguo, akavishwa za Sadayo! Kunywa chai yako unyamaze."

Kesho yake muuza samaki alimpa habari: Sadayo kanunua vitanda. Vya miguu, si magodoro ya sakafuni kama ya nyumba nyingine.

"Vitanda! Kwani kafungua hospitali?" Fusae alifyonya. Lakini alikumbuka asubuhi moja mwaka jana, alipomkuta Mwalimu kapiga magoti kando ya godoro la sakafuni, kashikilia nguzo, akicheka kwamba anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni pake.

Siku ya Mwalimu kuondoka, Sadayo alitoka barabarani kumwinamia mgeni. Fusae naye akatoka na aproni yake, akasimama ubavuni pake. Teksi ikaondoka. Wakainama. Desturi ni kutoinuka mpaka gari lipotee machoni.

"Dada, gari limeshakata kona," Sadayo alisema.

"Najua. Inuka wewe kwanza."

Sadayo hakuinuka. Akasema, "Jana alisukuma pembeni figili zangu. Eti si kama za Dada Fusae."

Furaha ilimpanda Fusae usoni. Akazidi kuinama ili isionekane.

"Nifundishe kuzichachua, Dada."

"Thubutu!"

"Sasa mwakani nimpe nini?"

"Nitazileta mwenyewe. Nitamwekea mbele yake kwa mkono wangu huu. Wewe mtandikie hicho kitanda chako."

Sadayo akacheka kwa chini. Barabara ilikuwa tupu tangu kitambo, migongo inawauma, na kila mmoja bado anamsubiri mwenzake ainuke.